Batri ndogo ya kumbukumbu: usingoje ivuje



Hapa tumezoea kusema nanyi juu ya kofia ngumu, viatu vya usalama, vumbi la mawe na kelele za mashini. Leo nitasema juu ya kitu kidogo kuliko kidole gumba. Hakiko chini ya ardhi. Kiko nyumbani mwako, pengine juu ya kabati, karibu na sahani. Ni batri ya kumbukumbu, ile iliyofichwa ndani ya kompyuta ya zamani au ndani ya kinanda cha umeme cha kwaya. Mwenye kinanda hajui kama ipo. Fundi anajua, lakini anaiacha mpaka ivuje. Mimi nasema hivi: itolewe kabla haijavuja, na ikisha kutolewa isilale mahali ambapo mkono wa mtoto unafika.

Jumamosi moja mchana nilikuwa peke yangu kwenye dispanseri. Akaingia mfanyakazi mmoja wa atelye ya umeme, amefunika jicho kwa mkono, mke wake amemshika bega. Alikuwa amemaliza posti ya asubuhi, akala, kisha akakaa kwenye meza ileile ya chakula kutengeneza kinanda cha kanisa. Kazi hiyo anaifanya baada ya saa za kampani, kama wengi wenu, na mimi simlaumu: watoto wanasoma na shule inalipiwa. Alifungua kinanda, akaona ukoko wa kijani na nyeupe umezunguka batri. Akafanya kile ambacho kila mtu angefanya. Akainama, akapuliza.

"Dokta, ni vumbi tu limeingia," akaniambia. Mimi si daktari, ni msaidizi wa mganga, lakini nimechoka kuwasahihisha watu.

Halikuwa vumbi. Jicho lilikuwa jekundu, na kile kioo cha mbele kilikuwa kimeanza kufifia kama dirisha lililopuliziwa pumzi. Na ubaya mkubwa haukuwa ule ukoko peke yake, ulikuwa ni muda uliopotea. Fundi huyu alijua kitu kimoja cha kweli: kwamba siki, ile tunayoita vinegre, inashinda maji ya batri ya namna hiyo. Basi akalowesha kitambaa katika siki, akataka kukiweka juu ya jicho. Mke wake akamshika mkono. "Papa, hapana, jicho si sahani!" Wakabishana. Kisha wakatafuta maji, na siku ile robine ilikuwa kavu. Wakaenda kwa jirani, wakaosha kidogo, wakaanza kutembea kuja kwangu. Ilipita nusu saa na zaidi kabla jicho lile halijapata maji ya kutosha.

Tuliosha na seromu chupa baada ya chupa, kisha tukamtuma hospitalini. Jicho halikufa. Lakini lina kovu, na mwenyewe anasema anaona kama mtu anayetazama kupitia mfuko wa plastiki. Vipande vidogo hawezi tena kuvilehemu. Huyu alikuwa mtu ambaye wenzake walimletea kazi iliyowashinda wengine.

Sasa tufungue batri yenyewe kwa maneno, maana kwa kisu ni hatari.

Mashini nyingi za elektroniki zinakumbuka mambo hata ukichomoa waya ukutani. Kompyuta inakumbuka saa na tarehe na vyombo vilivyomo ndani yake. Kinanda kinakumbuka sauti ambazo mpigaji amezipanga. Katika mashini za zamani kumbukumbu hiyo ilihitaji umeme kidogo usiku na mchana, na umeme huo ulitoka kwenye batri iliyolehemewa juu ya plaki, ile sahani ya kijani inayobeba vipande vyote. Katika kompyuta nyingi za miaka ya mwisho wa 1980 na mwanzo wa 1990 ilikuwa batri ya nikeli na kadimiamu, mfano wa pipa dogo: seli 3 zimefungwa pamoja, kila moja volti 1.2, jumla volti 3.6. Mashini ikiwaka, batri inajaa. Ikizimwa, batri inalisha kumbukumbu. Kazi nzuri, kwa miaka michache. Lakini pipa lile halikufanywa liishi miaka 30 au 40. Mpira wake unachoka, na kilichomo ndani kinatoka.

Watu wanasema "asidi ya batri". Kwa batri ya gari ni sawa, ndani yake mna asidi ya salfa. Lakini ndani ya batri ya nikeli na kadimiamu hakuna asidi hata tone. Mna potasi kali, ndugu wa damu wa soda kali. Na soda kali, mama zetu mnaijua kuliko sisi: ni ile mnayochanganya na mafuta ya mawese kutengeneza sabuni. Fikiri basi. Soda inafanya nini na mafuta? Inayageuza sabuni. Na mwili wa mtu umejaa mafuta, ngozi yake na jicho lake pia. Asidi inapounguza mwili, mara nyingi nyama inakauka juu na kuwa kama ukuta unaoizuia kidogo. Potasi haijengi ukuta. Inalainisha nyama na kuendelea kuingia ndani, na mtu anaweza kudhani imekwisha kwa kuwa maumivu ya kwanza yamepungua. Ndiyo maana jicho linaharibika wakati mwenyewe bado anasema ni vumbi.

Kwa hiyo shika hili, na mfundishe mkeo na watoto wakubwa. Maji ya batri yakiingia jichoni, dawa ni maji safi peke yake, na ni mara hiyo hiyo. Si siki, si ndimu, si maziwa. Fungua kope kwa vidole, mwaga maji pole pole kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika 30 kwa saa ya ukutani, wala usizihesabu kwa moyo. Halafu njoo, na ukiweza endelea kuosha njiani. Kwenye ngozi ni vilevile: maji mengi, muda mrefu. Na kwa kuwa wote tunajua habari ya robine zetu, fundi anayetengeneza vitu nyumbani aweke bido la maji safi chini ya meza yake kabla hajafungua parafujo ya kwanza. Bido lile lingekuwepo siku ile, leo ningeandika juu ya jambo lingine.

Siki ina kazi yake, lakini ni juu ya plaki. Nitafika huko.

Mafundi wengine wameniambia: "Wewe ni mtu wa sindano, mambo ya batri utuachie sisi. Kama batri inashika chaji, kwa nini kuitoa?" Ni neno la haki na linastahili jibu. Jibu la kwanza ni la mwili, nimekwisha kulitoa. La pili linahusu mashini yenyewe, na nimelisikia kwa mafundi wenyewe. Potasi haikai pale ilipotoka. Inatembea chini ya rangi ya kijani ya plaki, inafuata njia nyembamba za shaba na kuzila moja moja, inapanda ndani ya waya kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Ule ukoko wa kijani, ninyi watu wa shaba mnaujua, umefanana na malakiti. Ni shaba inayoliwa. Siku unapouona, njia zingine zimekwisha kukatika mahali usipopaona.

Kuna kinanda kimoja ambacho mafundi wa nchi nyingi wanakijua kwa ugonjwa huu: Korg Polysix cha Japani, kilichotoka 1981. Kinaweza kupiga sauti 6 pamoja na kukumbuka mipango 32. Kumbukumbu hiyo inashikwa na batri ya nikeli na kadimiamu ya volti 3.6 juu ya plaki ile ile inayoendesha kinanda kizima. Batri ikivuja inakula ubongo wa kinanda. Fundi anaweza kukaa juma zima akitengeneza njia za shaba kwa nyuzi nyembamba kama nywele, na pengine hafaulu. Kuitoa batri ile mapema ni kazi ya mchana mmoja. Lakini cha Yamaha DX7, kilichotoka 1983, kina batri ya lithiamu ya volti 3 iliyolehemewa, na hiyo huvuja mara chache zaidi. Ikiisha, sauti zinapotea, lakini kwa kawaida plaki inabaki nzima. Tazama tofauti hiyo. Zote mbili zimezeeka, lakini moja ikifa inaua nyumba yake.

Jibu la tatu linatoka kwenye kazi yetu. Nendeni mkaulize wenzenu wanaotunza otomate zinazoendesha mikanda na pampu. Nyingi za zamani zina batri ya kumbukumbu. Je, wanangoja ivuje? Hapana. Wanaandika tarehe juu ya batri, na tarehe ikifika wanaibadilisha, hata kama bado ni nzuri, maana kumbukumbu ikipotea mashini inasimama na ekipi nzima inasimama. Mtu huyohuyo anayebadilisha kwa tarehe mchana kwenye kampani, jioni nyumbani kwake anasema "inashika chaji, iache". Hilo ndilo linanishangaza.

Neno moja la kando kwa watu wa otomate. Mashini nyingi za namna hiyo batri yake hubadilishwa umeme ukiwa umewashwa, kusudi programu isipotee, kama kitabu cha mashini kinavyosema. Msichukue desturi hiyo nyumbani. Kinanda na kompyuta ya nyumbani, chomoa waya ukutani kwanza. Tena, batri ya lithiamu ya volti 3.6 iliyo katika mashini nyingi za kampani si ndugu ya ile ya nikeli, ingawa volti ni sawa. Katika nyingi za hizo, kilichomo ndani kikikutana na unyevu kinatoa asidi na moshi unaosonga koo. Soma maandishi ya batri kabla hujachagua dawa ya kusafishia.

Basi kazi yenyewe ifanywe namna gani? Ninasema yale niliyoyaona kwa fundi mwangalifu, na yanayopatana na afya. Kwanza, si juu ya meza ya chakula. Peleka kazi barazani au kwenye kibanda, mahali pa hewa, weka gazeti la kutupa chini. Vaa miwani ya kujikinga na ganti za mpira. Kama sauti za kinanda zinaweza kuhifadhiwa kwanza, zihifadhi. Polysix ina tundu la kuziandika katika kaseti, na mpigaji kinanda atakushukuru. Kisha chomoa waya, kata miguu ya batri kwa koleo dogo, iweke katika kopo. Ukoko usiupulize. Usiukwangue ukiwa mkavu pia, maana unga wake unaruka na una kadimiamu. Ulowanishe. Hapa ndipo siki inapofanya kazi: kidogo tu, kwa burashi laini ya meno iliyozeeka, juu ya mahali penye potasi. Itatoa povu kidogo. Kisha ondoa siki yote kwa maji safi, kisha alkoholi ya dawa, kisha kausha kabisa kabla ya kurudisha umeme. Bikaboneti, ambayo wengi huinyunyiza, ni dawa ya maji ya batri ya gari. Juu ya potasi haifanyi kitu. Burashi ile itupwe. Usiseme utaiosha.

Juu ya kuweka batri nyingine, mafundi wana mawazo mbalimbali, nami ninapenda ile njia inayotumia kitu kinachopatikana hata sokoni: CR2032, ile batri bapa ya mfano wa kifungo. Ina upana wa milimita 20, unene wa milimita 3.2, volti 3. Lakini kuna mtego. Batri ya zamani ilikuwa inajazwa na mashini, na hii haipaswi kujazwa kamwe. Ukiiweka bila kitu, mashini itajaribu kuijaza, nayo inaweza kuvimba na kupasuka. Fundi aweke diodi, kipande kidogo kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, au akate njia ya kujaza. Tena asiilehemu batri yenyewe kwa chuma cha moto. Aweke kikombe chake cha plastiki, kusudi mara nyingine ibadilishwe kwa kidole. Yeyote anayetaka kubaki na batri ya kujazwa, achukue ya nikeli bila kadimiamu, aifunge kwa waya mrefu mbali na plaki, ndani ya mfuko wake. Hiyo nayo ina potasi, ikivuja ivujie hapo. Mwisho aandike tarehe kwa kalamu ndani ya kifuniko. Mimi nimeona vinanda viwili tu vyenye tarehe, na vyote viwili vilipita mikononi mwa mtu mmoja.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa mama na dada wakubwa wanaobaki na watoto. Tumeitoa ile inayovuja na kuleta nyumbani kifungo kinachong'aa. Kwa jicho na kwa plaki ni afadhali. Kwa mtoto wa miaka miwili ni hatari kuliko ile ya kwanza. Nisiposema hivi nitakuwa nimewadanganya.

Mtoto anaona peremende. Anaiweka mdomoni, anaimeza. Kama ingekuwa sarafu, mara nyingi ingepita na kutoka. Lakini kifungo cha milimita 20 kinakwama kooni, katika njia ya chakula, na pale kimezungukwa na nyama yenye mate. Umeme wake unaanza kupita katika nyama, na upande wa hasi unatengeneza nini? Kitu kilekile, kali kama soda ya sabuni, papo hapo, bila batri kuvuja wala kupasuka. Saa 2 zinatosha kuunguza vibaya. Ikikaa, inaweza kutoboa njia ya chakula mpaka kwenye njia ya hewa au mshipa mkubwa wa damu. Na batri iliyokufa, ile uliyoitoa kwa sababu saa ya kompyuta imeanza kuchelewa, bado ina nguvu ya kutosha kufanya hayo. Kwa mashini imekwisha. Kwa koo la mtoto haijaisha.

Dalili zake ni za kudanganya. Mtoto anatoa mate mengi, anakataa bukari, anakohoa, anatapika, analia akimeza. Mama anasema ni mafua au meno. Mara nyingine hakuna dalili yoyote. Kwa hiyo ukikosa batri mahali ulipoiweka na mtoto alikuwa pale, usingoje dalili. Usimtapishe. Usimpe bukari wala ndizi "kuisukuma". Njoo mbio hospitalini penye radiografi na useme wazi: "amemeza batri". Ukiweza, leta batri nyingine ya namna ileile. Katika picha inafanana na sarafu, lakini ukingo wake unaonekana kama pete mbili. Mganga akijua anatafuta nini, hatasema "ni sarafu, rudi kesho". Mtoto akiwa amepita mwaka 1, na akiwa anameza bila shida, na batri imemezwa katika saa 12 zilizopita, unaweza kumpa asali njiani, vijiko vidogo 2 kila dakika 10, isizidi mara 6. Asali inafunika nyama na kupunguza ukali. Lakini haiondoi batri. Kama asali haimo ndani ya nyumba, usiende kuitafuta sokoni. Chini ya mwaka 1 usimpe asali. Na batri iliyoingizwa puani au sikioni nayo ni ya haraka, wala usiweke matone ya dawa.

Baba fundi, hii ni sehemu yako. Batri ikitoka, nzima au mfu, ifunge pande zote mbili kwa karatasi ya gundi palepale, itie katika kopo lenye kifuniko, kopo liwe juu. Isikae katika sahani ya kikombe, wala mfuko wa shati, wala droo pamoja na penseli za watoto. Na tuzungumze ukweli: wakati ninaandika maneno haya nilikwenda kutazama droo ya meza yangu mwenyewe nyumbani. Nilikuta mbili. Mke wangu alicheka sana.

Na zile za nikeli na kadimiamu, kuna wanaozitupa katika moto wa takataka, na nimesikia habari ya vijana wanaozivunja kutafuta nikeli ya kuuza. Msifanye hivyo, na hasa kamwe zisiwekwe katika mbabula. Moshi wa kadimiamu unamdanganya mtu: akiuvuta anaona hana kitu zaidi ya koo kuwasha, anakwenda kulala, na baada ya saa kadhaa kifua kinabana kama mwenye homa ya mapafu. Wapo waliokufa kwa moshi huo. Ile inayoingia kidogo kidogo inakaa katika figo miaka mingi. Huko Japani, katika jimbo la Toyama, maji ya mukini moja ya zinki yalipeleka kadimiamu katika mto Jinzu, mto ukanywesha mashamba ya mpunga, na wakulima, hasa wanawake, mifupa yao ililainika mpaka ikavunjika kwa kukohoa tu. Waliita ugonjwa huo itai-itai, maana yake "inauma, inauma". Serikali yao ilikubali mwaka 1968 kwamba ugonjwa ulitokana na kadimiamu ya mukini. Kadimiamu hutembea pamoja na zinki ndani ya mawe, na wale waliofanya kazi Kipushi wanaijua zinki. Pipa moja dogo si mto mzima, hilo ninakubali. Lakini chini ya mwembe karibu na kisima, watu kumi wakitupa kila mmoja yake, sioni sababu ya kujaribu.

Watu wameniuliza kama ndani ya batri hizi mna kobalti yetu ya Kolwezi. Ndani ya ile bapa ya CR2032, hapana: ni lithiamu na manganezi. Katika za kujazwa za nikeli zisizo na kadimiamu mara nyingi imo kidogo, na katika nyingi za simu imo zaidi. Nimeandika hayo kwa ajili ya wale waliobishana mbele ya dispanseri siku ya mshahara. Sasa wanaweza kulipana.

Ninajua fundi wa mtaani hawezi kufanya yote peke yake. Miwani na ganti za kampani haziruhusiwi kutoka kwenye lango, na ni haki, lakini miwani iliyokwaruzwa ambayo atelye inaitupa ingeweza kupewa wanaotengeneza nyumbani. Nimeomba hilo, na nimeomba pia sanduku la kukusanyia batri kuukuu, liende pamoja na batri kuukuu za atelye. Bado sijapata jibu. Mimi si mtu wa kupiga kelele, lakini nitauliza tena, na shefu wa usalama anayesoma ukurasa huu ajue kwamba nitauliza tena.

Kabla jibu halijafika, nimeweka kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko juu ya kabati la dawa, nyuma ya mlango, upande wa kulia. Leteni batri zenu hapo, zimefungwa kwa karatasi ya gundi, katika posti ya asubuhi, Jumatatu mpaka Jumamosi. Msimtume mtoto kuzileta. Na mwenye kinanda cha kwaya asiyejua kama kina batri ya namna hii, aje tu aniulize: nitamwelekeza kwa yule fundi wa jicho moja zuri. Kulehemu hawezi tena, lakini amekubali kuwaonyesha vijana wawili kila Jumamosi jioni, barazani kwake, na bido la maji liko chini ya meza.